Lishe ya Mifugo ni Taaluma: Neno kwa Vijana na Wazazi wa Kata ya Mpale

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wazazi, walezi na vijana wa Kata ya Mpale, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe



Waswahili wana methali isemayo kuwa ng'ombe wa maskini hazai. Methali hiyo hutajwa mtu anapoona kwamba juhudi zake hazizai matunda, akahesabu kuwa hiyo ndiyo bahati aliyoandikiwa. Mtaalamu wa mifugo akiulizwa kwa nini ng'ombe huyo hazai, haanzi kuitafuta bahati. Kwanza hutazama hori. Hutazama ng'ombe anakula nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, na ananywa maji lini. Mara nyingi jibu hupatikana hapo hapo.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 280. Mwaka una siku 365. Mfugaji anayetaka ndama mmoja kila mwaka ana siku 85 tu baada ya ng'ombe kuzaa ili ng'ombe huyo ashike mimba nyingine. Ng'ombe aliyezaa akiwa amekonda, kisha akakamuliwa bila kurudishiwa mwilini kile kinachotoka katika maziwa, hachelewi kwa sababu ya laana. Mwili wake huahirisha uzazi mpaka upate nguvu. Dalili za joto hazionekani, miezi sita hupita, na ndama aliyetarajiwa mwaka huu huzaliwa mwaka unaofuata. Pamoja na ndama huyo huchelewa maziwa, na pamoja na maziwa huchelewa ada ya shule.

Jambo hili ndilo msingi wa mazungumzo haya. Lishe ya mifugo ni elimu kamili, yenye vitabu vyake, maabara zake, wataalamu wake na ajira zake. Kijana wa Mpale aliyezoea kubeba mzigo wa majani kichwani kila alasiri amekwisha kuanza somo lake la kwanza bila kujua.

Taaluma hii inahusu nini

Mtaalamu wa lishe ya mifugo hushughulika na maswali matatu. Mnyama anahitaji nini ili aishi, akue, azae na atoe maziwa, mayai au nyama? Vyakula vilivyopo vina nini ndani yake? Na namna gani mahitaji hayo yatimizwe kwa gharama ambayo mfugaji ataimudu? Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama za ufugaji. Kwa wafugaji wa kuku wa kisasa, chakula huchukua kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote za uzalishaji.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba kilicho kikubwa zaidi kimejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyovunjavunja majani ambayo binadamu hawezi kuyasaga tumboni mwake. Kwa hiyo anayemlisha ng'ombe huvilisha kwanza vijidudu hivyo, navyo vina masharti yao. Majani yakikomaa na kukauka mpaka protini yake ikashuka chini ya takriban asilimia 7, vijidudu hupungukiwa na chakula na kazi yao hupungua. Majani hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika. Hapo mfugaji humwona ng'ombe wake tumbo limejaa, lakini mbavu zinahesabika. Mabua ya mahindi yaliyoachwa shambani mpaka yakapauka huleta hali hiyo hiyo.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Majani ya mikunde, kama vile lukina au desmodiamu, yakichanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, huvipatia vijidudu ile protini iliyokosekana, na mabua hayo hayo huanza kusagika. Mtu asiyejua huongeza mabua. Mtu anayejua huongeza kile kilichopungua. Tofauti hiyo ndogo ndiyo taaluma yenyewe.

Hesabu inayofanyika zizini

Vijana wengi hudhani kwamba hesabu za darasani hazina kazi nje ya mtihani. Lishe ya mifugo ni hesabu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji chakula kikavu kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 12. Majani mabichi ya tembo huwa na maji mengi, na kati ya kila kilo moja ni kama gramu 200 tu zilizo chakula kikavu. Ili kupata kilo 12, ng'ombe huyo anahitaji kama kilo 60 za majani mabichi. Mama anayeleta mizigo miwili ya kilo 20 amefanya kazi kubwa na ya kuchosha, lakini ng'ombe bado anadai kilo 20. Deni hilo haliandikwi popote. Husomwa katika ndoo ya maziwa. Maji nayo yana hesabu yake, kwani kwa kila lita moja ya maziwa, ng'ombe huhitaji takriban lita nne hadi tano za maji.

Upo pia mfano wa kuchanganya chakula cha ziada. Tuseme pumba za mahindi zimepimwa na kuonekana zina protini asilimia 10, na mashudu ya alizeti yana asilimia 28. Mfugaji anataka mchanganyiko wenye asilimia 16. Kutoka 16 hadi 28 kuna tofauti ya 12, nayo ndiyo mafungu ya pumba. Kutoka 10 hadi 16 kuna tofauti ya 6, nayo ndiyo mafungu ya mashudu. Mafungu 12 kwa 6 ni sawa na mawili kwa moja. Katika kilo 100 za mchanganyiko, pumba zitakuwa kilo 67 na mashudu kilo 33, kisha madini na chumvi huongezwa kwa vipimo vyake. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa hesabu hiyo. Kinachohitaji mtaalamu ni kujua kwamba pumba za mashine moja hazifanani na za mashine nyingine, na kwamba mashudu yaliyokamuliwa mafuta vibaya hubadilisha hesabu yote.

Madini kidogo, hasara kubwa

Historia ya Afrika Mashariki inatoa funzo lingine. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, hasa maeneo ya Nakuru, ng'ombe walikuwa wakidhoofika na kufa ilhali malisho yalikuwa mabichi na mengi. Hali hiyo ilijulikana sana hata ikapewa jina la mji huo. Wataalamu walikuja kubaini kwamba udongo wa huko ulikuwa na upungufu wa kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Bila kobalti, vijidudu vya tumboni haviwezi kutengeneza vitamini B12, na mnyama hudhoofu mbele ya majani tele. Tiba ikawa ni kuongeza madini hayo katika chakula au chumvi ya kulamba.

Miongoni mwa wanasayansi waliochunguza madini ya malisho ya Kenya katika miaka ya 1920 ni John Boyd Orr, Mskoti aliyeongoza Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, iliyokuwa ikichunguza lishe ya wanyama. Kutoka katika lishe ya ng'ombe alihamia katika lishe ya watu. Mwaka 1931 yeye na mwenzake Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha chakula na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Mwaka 1945 akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mtu aliyeanza kwa kuuliza ng'ombe na kondoo wanakula nini aliishia kuuliza dunia nzima inakula nini. Mzazi anayedhani kwamba kazi ya mifugo ni ya aliyeshindwa shule na auzingatie mfano huo.

Nchini Tanzania wapo waliopita njia hiyo pia. Profesa Germana Laswai wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, ni mmoja wa wanataaluma wanaofahamika kwa ufundishaji na utafiti katika lishe ya mifugo. Jina lake linatajwa hapa kwa makusudi. Katika kaya nyingi, mtoto wa kike ndiye anayekata majani, ndiye anayechota maji ya ng'ombe na ndiye anayejua ng'ombe yupi hali vizuri leo. Haifai ajue hayo yote hadi darasa la saba, halafu elimu yenyewe iachiwe wengine.

Kwa nini Mpale, na kwa nini sasa

Wilaya ya Korogwe ina milima na ina tambarare. Upande wa Usambara mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi wa maziwa hulishwa bandani. Upande wa tambarare, na kwa majirani wa Handeni, mifugo hutembea kutafuta malisho na maji. Mahitaji ya pande hizi mbili yanatofautiana, lakini adui ni mmoja, naye ni kiangazi.

Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya maziwa. Mradi wa wafugaji wadogo ulianza katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Serikali za Tanzania na Uholanzi, na katika miaka ya 1990 vikafuata Chama Kikuu cha Ushirika cha wafugaji wa maziwa, TDCU, na kiwanda cha Tanga Fresh. Soko la maziwa lipo. Hata hivyo kiwanda huhitaji maziwa kila siku, nayo majani hayaoti kila siku. Wakati wa mvua maziwa huwa mengi; wakati wa kiangazi hupungua, na mfugaji hukosa fedha katika miezi ile ile ambayo mahitaji ya nyumbani yanamwelemea.

Mahali ambapo mifugo hutegemea kutembea, kiangazi huleta hasara nzito zaidi. Ukame wa mwaka 2021 kuelekea 2022 uliua maelfu ya mifugo wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Na pale malisho yanapokwisha, mifugo huingia mashambani. Mkulima na mfugaji, ambao jana walisalimiana sokoni, leo wanakutana kituoni. Bunge lilitunga Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo mwaka 2010 ili maeneo ya malisho yatambuliwe na ubora wa vyakula vya mifugo usimamiwe. Sheria pekee haioteshi majani. Wanahitajika watu wenye elimu ya kuyapanda, kuyavuna, kuyahifadhi na kuyapima.

Kijiji kinaweza kuanza na jambo dogo. Ng'ombe anayepewa kilo 6 za hei kwa siku kwa siku 60 za kiangazi anahitaji kilo 360. Robota moja ikiwa na kilo 15, hizo ni robota 24. Robota hizo hufungwa kwa kisanduku cha mbao anachoweza kukitengeneza fundi seremala yeyote, wakati majani yanapoanza kutoa maua na yangali na protini. Kijana mwenye kisanduku, kamba, panga na sehemu kavu ya kuhifadhia amekwisha kuwa na biashara. Akiwa na mashine ya kukatakata majani, biashara hiyo imepanuka.

Usalama wa mlaji

Lishe ya mifugo inagusa pia afya ya watu. Ipo desturi ya kuyatupia kuku au ng'ombe mahindi yaliyoota ukungu, kwa hoja kwamba hayafai tena kwa ugali. Baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu aina ya aflatoksini, sehemu yake hupita katika maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula nafaka iliyochafuliwa. Mahindi yenye ukungu hayafai kwa mtu wala kwa mnyama anayempatia mtu chakula. Mtoto anayekunywa kikombe cha maziwa asubuhi hana namna ya kujua ng'ombe alikula nini jana. Kazi ya kumlinda ni ya mtaalamu wa lishe, wa maabara na wa kiwanda cha chakula cha mifugo.

Njia ya masomo

Kijana anayetaka taaluma hii ana njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni ya vyuo vya kati. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi katika mikoa mbalimbali, zikiwemo Tengeru, Mpwapwa, Morogoro na Buhuri. Kampasi ya Buhuri ipo Tanga, kwa hiyo kijana wa Korogwe hahitaji kwenda mbali. Wahitimu wa kidato cha nne wenye ufaulu unaotakiwa, hasa katika masomo ya sayansi, huanza na Astashahada na kuendelea hadi Stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo. Lishe na malisho ni sehemu ya mafunzo hayo. Sifa za kujiunga na ada hutangazwa katika miongozo ya udahili ya kila mwaka, na ni vyema mzazi aisome ya mwaka husika badala ya kutegemea habari za kusikia.

Njia ya pili ni ya kidato cha tano na sita, kwa tahasusi zenye Kemia na Biolojia, kisha chuo kikuu. SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, hufundisha Shahada ya Sayansi ya Wanyama, na mwenye bidii huendelea na shahada za juu katika lishe. Mwenye Stashahada aliyefaulu vizuri naye anaweza kuomba nafasi ya shahada. Mlango wa kwanza ukifungwa, haina maana kwamba nyumba nzima imefungwa.

Ukweli lazima usemwe: Kemia na Biolojia hazikwepeki. Mwanafunzi anayeziacha kidato cha pili kwa kuona ni ngumu hujifungia njia kabla hajaijua. Kwa sababu hiyo mzazi asisubiri matokeo ya kidato cha nne ndipo aulize habari za masomo. Daftari la Kemia likaguliwe mapema, kama vile ng'ombe anavyokaguliwa kabla hajakonda.

Kazi baada ya masomo

Wapo wanaoajiriwa kuwa maafisa mifugo wa kata na vijiji. Wapo wanaofanya utafiti, kama ule wa Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, yenye kituo pia mkoani Tanga. Wapo walio katika maabara za kupima vyakula, katika viwanda vya kuchanganya chakula cha kuku na ng'ombe, na katika mashamba ya mbegu za malisho kama lile la Vikuge, mkoani Pwani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, mbali na mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku na samaki wa kufugwa. Wote hao hula.

Hata hivyo nafasi za ajira serikalini ni chache kuliko wahitimu, na si sahihi kumwahidi kijana kwamba cheti kitamletea mshahara. Kinachoweza kusemwa ni kwamba elimu hii haimwachi mtu bila kazi mikononi. Mhitimu anaweza kuuza hei na sileji, kuotesha vipando vya majani ya tembo na guatemala, kuchanganya chakula cha kuku kwa vipimo sahihi, kunenepesha mafahali, au kuwashauri wafugaji kwa malipo wanayokubaliana.

Kwa wanaotaka mtaji, sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Kikundi cha vijana kinachoandika mpango wa kufunga robota, chenye hesabu za kilo, siku na wateja, kinaeleweka zaidi kuliko kikundi kinachoandika neno "ufugaji" peke yake.

Mambo ya kufanya kuanzia sasa

Kwa kaya: kila mwenye ng'ombe apime mzigo mmoja wa majani ili ajue unafika kilo ngapi, na aandike lita za maziwa kila siku kwa mwezi mmoja. Daftari hilo litamweleza mengi ambayo macho hayayaoni.

Kwa shule: walimu wa Biolojia na Hisabati wanaweza kuchukua mifano yao zizini, ili mwanafunzi aone kwamba asilimia na uwiano ni mambo ya nyumbani kwao.

Kwa vijana: wamwendee Afisa Mifugo wa eneo lao, waulize kuhusu vyuo, waombe kufuatana naye anapotembelea wafugaji, na waone kazi ilivyo kabla ya kuichagua. Kazi hii ina matope, ina milima ya kupanda kwa miguu, na ina siku za kuitwa usiku. Anayeipenda baada ya kuyaona hayo ndiye atakayedumu nayo.

Kwa wazazi: mtoto anayesema anataka kusomea chakula cha ng'ombe asichekwe. Ameuchagua ujuzi ambao kaya nyingi za kata hii zinauhitaji, na ambao kwa sasa mara nyingi hulazimika kuusubiri kutoka mbali. Siku atakaporudi na elimu hiyo, majani ni yale yale, ng'ombe ni wale wale na kiangazi ni kile kile. Kitakachobadilika ni maziwa yaliyomo ndani ya ndoo.